Harar Jugol

Harar ni mji wa kale ulioko mashariki mwa Ethiopia, juu ya kilima katika nyanda za juu za nchi hiyo, kwenye kimo cha mita 1,885 hivi juu ya usawa wa bahari. Ni makao makuu ya Mkoa wa Harari. Sehemu yake ya kale, iliyozungukwa na ukuta wa mawe, huitwa Jugol, na jina hilohilo hutumika kwa ukuta wenyewe. Mwaka 2006 UNESCO iliiandikisha Harar Jugol katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Mji wa ndani ya ukuta una eneo la hektari 48 tu, kiasi kwamba mtu mwenye afya aweza kuukata kwa miguu kutoka lango moja hadi jingine kwa muda mfupi. Hata hivyo, katika eneo hilo dogo UNESCO ilihesabu misikiti 82, mitatu kati yake ikiwa ya karne ya 10, pamoja na makaburi na mahali pa ziara 102. Ndiyo sababu wenyeji huuita mji wa mawalii. Baadhi ya Waislamu wa Ethiopia huutaja pia kuwa mji mtakatifu wa nne wa Uislamu, baada ya Makka, Madina na Yerusalemu. Sifa hiyo inatokana na heshima ya watu wenyewe; haikutolewa na mamlaka yoyote ya dini.

Jina, watu na lugha

Wenyeji wa asili wa mji huu ni Waharari. Kwa lugha yao mji huitwa Gey, yaani "mji", wao wenyewe hujiita "watu wa mji", na lugha yao ni Gey Sinan, yaani "lugha ya mji". Kiharari ni lugha ya Kisemiti, kwa hiyo ina undugu na Kiamhari, ingawa imezungukwa pande zote na Kioromo na Kisomali, ambazo ni lugha za Kikushi. Kwa karne nyingi iliandikwa kwa herufi za Kiarabu.

Msomaji wa Afrika Mashariki ataona hapa jambo analolijua. Kama Kiswahili cha Lamu, Mombasa au Unguja, Kiharari kilikua katika mji wa biashara wa Waislamu, kikachukua maneno mengi ya Kiarabu na kuandikwa kwa herufi zake, lakini hakikuacha asili yake. Tofauti ni kwamba Kiswahili, chenye asili ya Kibantu, kilisafiri na misafara hadi bara na kuwa lugha ya mamilioni, ilhali Kiharari kilibaki ndani ya ukuta wake. Katika sensa ya mwaka 2007 Waharari walikuwa chini ya sehemu moja ya kumi ya wakazi wa mkoa unaobeba jina lao. Zaidi ya nusu walikuwa Waoromo, na Waamhara walifuata.

Historia

Mapokeo ya Harar yanamtaja Sheikh Abadir kuwa baba wa mji. Husimuliwa kwamba alitoka Arabuni pamoja na wenzake, akawapatanisha wenyeji na kuuweka mji chini ya sheria ya Uislamu. Kaburi lake bado linazuriwa.

Mwaka 1520 Harar ilifanywa mji mkuu wa Usultani wa Adal. Muda mfupi baadaye akainuka Imamu Ahmad ibn Ibrahim al-Ghazi, ambaye Wasomali humwita Gurey na Waamhara Gragn. Majina yote mawili yana maana ya mtu atumiaye mkono wa kushoto. Kuanzia mwaka 1529 aliteka sehemu kubwa ya milki ya Kikristo ya Ethiopia. Mwaka 1541 Wareno walileta askari 400 kuwasaidia Wahabeshi, wakiongozwa na Cristóvão da Gama, mwana wa yule Vasco da Gama aliyefika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Cristóvão alishindwa na kuuawa mwaka 1542, lakini mwaka uliofuata Imamu Ahmad naye aliuawa vitani, na jeshi lake likatawanyika.

Mrithi wake alikuwa Amiri Nur ibn Mujahid. Mapokeo yanasema kwamba Bati Del Wambara, mjane wa Imamu Ahmad, aliahidi kuolewa na yule atakayelipa kisasi cha mumewe. Nur alimwoa, na mwaka 1559 jeshi lake lilimwua Kaisari Galawdewos. Lakini hatari kubwa zaidi kwa mji ilikuwa upande mwingine: wakati huo Waoromo walikuwa wakienea kwa nguvu katika nyanda za juu, na mashamba ya Harar yaliharibiwa. Nur ndiye anayekumbukwa kuwa mjenzi wa ukuta katika umbo lake linalojulikana leo, ingawa UNESCO hueleza kuwa kazi ya kuujenga ilienea kati ya karne ya 13 na ya 16.

Kuanzia mwaka 1647 Harar ilikuwa emirati huru, chini ya nasaba iliyoanzishwa na Ali ibn Daud. Ilipiga sarafu zake yenyewe, ikafundisha wanazuoni, na ikajulikana kwa kunakili na kujalidi vitabu. Misafara ya ngamia iliiunganisha na bandari za Zeila na Berbera, ikipeleka kahawa, pembe za ndovu, ngozi na watumwa, na kurudi na nguo na bidhaa nyingine za ng'ambo.

Uhuru huo ulikoma mwaka 1875, Misri ilipouteka mji. Wamisri waliondoka mwaka 1885, na Amiri Abdullahi akatawala kwa muda mfupi tu. Januari 1887 jeshi lake lilishindwa huko Chelenqo na Menelik, mfalme wa Shoa, ambaye baadaye alikuwa Kaisari Menelik II. Ras Makonnen aliwekwa kuwa gavana, akakaa katika cheo hicho hadi alipofariki mwaka 1906. Mwanawe Tafari, aliyezaliwa mwaka 1892 katika kijiji cha Ejersa Goro karibu na Harar, alikuja kuwa Kaisari Haile Selassie. Jina la Warastafari limetokana na jina lake la awali, Ras Tafari.

Kupungua kwa umuhimu wa Harar hakukuletwa na vita bali na reli. Wahandisi wa Kifaransa waliojenga njia kutoka Djibouti waliona kazi ya kupandisha reli hadi Harar ni ngumu na ya gharama, wakaipitisha bondeni. Mwaka 1902 treni ilifika mahali palipokuja kuwa mji wa Dire Dawa, na biashara ikahamia huko.

Ukuta na malango

Ukuta wa Jugol una urefu wa takribani kilomita 3.5 na kimo cha mita 4 hivi. Ulijengwa kwa mawe ya huko huko yaliyoshikizwa kwa udongo. Una malango matano ya kale, na kila moja lilielekea njia ya misafara. Kila lango lina jina la Kiharari na jina jingine linalotumiwa na watu wa nje:

Assum Bari, au lango la Fallana, upande wa kaskazini.
Argob Bari, au lango la Erer, upande wa mashariki.
Suqutat Bari, au lango la Sanga, upande wa kusini-mashariki.
Badro Bari, au lango la Buda, upande wa kusini.
Asmadin Bari, au lango la Shoa, upande wa magharibi.

Zamani malango yalifungwa usiku. Lango la sita, liitwalo Lango la Harar, lilifunguliwa baadaye, na ndilo pana linaloingiza magari kutoka mji mpya.

Mbali na malango, chini ya ukuta kuna matundu madogo. Hayo si mabaki ya vita. Yaliachwa ili maji yapate kutoka na fisi wapate kuingia.

Mambo ya kuona ndani ya mji

Kutoka Lango la Harar barabara hufika Feres Magala, yaani soko la farasi. Leo farasi hawauzwi tena hapo. Ni uwanja wa mji wenye teksi na mikahawa. Katikati pana mnara wa kumbukumbu ya waliokufa Chelenqo. Karibu na uwanja limesimama kanisa la Medhane Alem, lililojengwa baada ya ushindi wa Menelik mahali palipokuwa na msikiti. Mnara na kanisa vinakumbusha tukio lilelile, kila kimoja kwa upande wake.

Kutoka uwanjani huteremka njia nyembamba inayoitwa Makina Girgir. Jina hilo linaiga mlio wa cherehani, kwa kuwa mafundi nguo wamekaa hapo mlangoni kwa mlango. Mteja huweza kununua kitambaa duka moja na kukishonesha hatua chache mbele. Njia hiyo huishia Gidir Magala, soko kubwa la mji, panapouzwa viungo, nafaka, mboga na nyama. Wauzaji wengi ni wanawake wa Kioromo kutoka vijiji vya jirani, kwa hiyo mji uliojengewa ukuta kuwazuia Waoromo sasa hupata chakula chake kila siku kutoka kwao.

Kaburi la Amiri Nur lina kuba la kijani na hutembelewa na wenyeji kwa dua. Msikiti wa Jamia ndio mkubwa kuliko yote. Kwa kawaida misikiti na makaburi mengi huingiwa na Waislamu, na mgeni wa dini nyingine hupaswa kuomba ruhusa kwanza.

Jumba liitwalo Nyumba ya Rimbaud ni la ghorofa, lenye madirisha ya vioo vya rangi, na lilijengwa kwa mtindo wa wafanyabiashara wa Kihindi. Limepewa jina la Arthur Rimbaud, mshairi Mfaransa aliyeacha ushairi akiwa kijana na kufika Harar mwishoni mwa mwaka 1880 kama karani wa kampuni ya biashara. Kwa vipindi mbalimbali alifanya biashara ya kahawa, ngozi na pembe, na mara moja alimpelekea Menelik bunduki. Mwaka 1891 aliugua mguu, akabebwa kwa machela hadi pwani, akakatwa mguu huko Marseille na kufariki mwaka huohuo akiwa na umri wa miaka 37. Wataalamu wengi hawaamini kwamba aliishi katika nyumba hiyo. Pamoja na hayo, makumbusho yaliyomo yana picha za zamani za mji zinazostahili kuonwa.

Jirani yake ipo Nyumba ya Ras Tafari, ambamo sasa mna makumbusho ya Sherif. Yalianza kama mkusanyo wa mtu binafsi, na yana hati za kale, sarafu za emirati, silaha, mavazi na vikapu.

Nyumba ya Kiharari

UNESCO ilipoiandikisha Harar haikutaja ukuta na misikiti peke yake. Ilizitaja nyumba, hasa mpangilio wake wa ndani, kuwa jambo la pekee katika urithi wa mji huu.

Kwa nje nyumba ya Kiharari haina mengi ya kuonyesha: ukuta wa mawe, paa bapa na mlango wa kuingilia uani. Mambo yote yako ndani. Sebule ina majukwaa matano ya viwango mbalimbali, na kila jukwaa lina watu wake. Mwenye nyumba, wazee, wageni, vijana na wanawake kila mmoja anajua mahali pake pa kukaa, hivyo mgeni akiingia hutambua nani ni nani kabla hajaambiwa. Ukutani mna vishubaka vya kuwekea vitabu na vyombo, jambo litakalomkumbusha msomaji zidaka za nyumba za kale za Lamu. Kuta hupambwa kwa vikapu vya rangi vilivyosukwa na wanawake wa nyumba hiyo, kazi ambayo msichana hufundishwa na mama yake.

Majukwaa hupakwa udongo mwekundu. Wenyeji wengi husema kuwa rangi hiyo ni ukumbusho wa damu iliyomwagika Chelenqo mwaka 1887.

Baada ya mwaka 1887 wafanyabiashara wa Kihindi walileta mtindo mwingine, wa nyumba za ghorofa zenye roshani ya mbao inayotazama njia. Kisha Waharari wakachanganya mitindo yote miwili, na nyumba za aina hiyo ya tatu ni nyingi mjini.

Fisi wa Harar

Jambo linalovuta wageni wengi ni fisi. Kwa vizazi vingi fisi madoa wameingia mjini usiku kupitia matundu ya ukuta, wakala mifupa na mabaki ya machinjioni, na kuondoka kabla ya alfajiri. Kwa njia hiyo waliusafisha mji. Wenyeji huamini pia kwamba fisi hufukuza majini. Hadithi moja husema kwamba wakati wa njaa fisi walishambulia watu, mpaka wazee walipofanya nao mapatano na kuwawekea uji. Hadi leo, siku ya Ashura, uji wenye siagi huwekwa nje ya mji kwa ajili yao.

Kuwalisha nyama kwa mkono mbele ya watazamaji ni desturi mpya iliyoanza katika karne ya 20. Kila jioni, nje ya ukuta, mlishaji huwaita fisi kwa majina, na mgeni anayetaka hupewa kijiti chenye kipande cha nyama. Hao bado ni wanyama wa porini, na ni lazima kufuata maagizo ya mlishaji.

Richard Burton na njia ya Tanganyika

Waharari waliwahi kuamini kwamba mji wao ungeanguka siku Mkristo akiingia. Tarehe 3 Januari 1855 Mwingereza Richard Burton aliingia na kukaa siku kumi bila kujua kama amiri angemruhusu kutoka. Habari zake alizichapisha mwaka 1856. Miaka miwili baada ya safari hiyo Burton alianza safari nyingine kutoka Zanzibar pamoja na John Hanning Speke, wakafuata njia ya misafara kupitia Kazeh, yaani Tabora, na kufika Ujiji Februari 1858. Ama kuhusu utabiri, mji ulianguka kweli miaka 20 baada ya Burton, lakini waliouteka walikuwa askari wa Misri, ambayo ni nchi ya Kiislamu.

Kahawa, miraa na maji

Nyanda za Harar ni miongoni mwa maeneo ya kale ya kahawa ya arabika. Kahawa yake hukaushwa juani ikiwa bado ndani ya ganda, na huwa na ladha inayoitofautisha sokoni. Neno la Kiswahili "buni" limetokana na Kiarabu, na linafanana na jina la kahawa katika lugha za Ethiopia.

Siku hizi wakulima wengi wameng'oa mikahawa na kupanda miraa, ambayo Tanzania huitwa mirungi. Sababu ni rahisi: kahawa huvunwa mara moja kwa mwaka na bei yake hupanda na kushuka, lakini miraa huchumwa mara kwa mara na fedha hupatikana siku ileile. Soko la Awaday, karibu na Harar, hupeleka miraa hadi Somalia na Djibouti.

Gharama yake imelipwa kwa maji. Kwa miaka mingi Harar ilipata maji kutoka Ziwa Haramaya, karibu kilomita 20 kutoka mjini. Mashamba ya miraa na mboga yalipoongezeka, pampu nyingi zilivuta maji ziwani. Udongo uliomomonyoka kutoka vilima vilivyofyekwa ulijaza kina chake. Kufikia katikati ya miaka ya 2000 ziwa lilikuwa limekauka, na wakazi wa Harar walinunua maji kwa madumu. Ilibidi mabomba yavutwe kutoka visima vya upande wa Dire Dawa, yaani maji yapandishwe kutoka bondeni hadi kilimani. Katika miaka ya karibuni maji yamerudi katika sehemu ya ziwa, lakini usalama wake unategemea mashamba yanayolizunguka.

Uhifadhi

Jugol si makumbusho. Ni mahali pa kuishi, na hiyo ndiyo thamani yake na pia ugumu wa kuilinda. Familia inapokua huhitaji chumba cha ziada, na uwanja ni uleule. Ukuta wa mawe na udongo lazima ukarabatiwe kila mara baada ya mvua, na mafundi wanaojua kazi hiyo wanapungua. Saruji na mabati ni nafuu na hudumu bila matunzo mengi. Lakini saruji hunasa unyevu ndani ya ukuta wa udongo na kuuharibu, na paa la bati hubadili sura ya mji. Anayekatazwa kutumia saruji bila kusaidiwa gharama za mawe ameachiwa mzigo wa urithi ambao dunia nzima inausifu.

Kumbukumbu nazo zinagombaniwa. Kwa wengine Ras Makonnen ni shujaa wa taifa aliyepigana Adwa mwaka 1896. Kwa wengine ni mwakilishi wa jeshi lililoteka mji. Sanamu yake akiwa juu ya farasi, iliyosimama nje ya ukuta, iliangushwa mwaka 2020 wakati wa ghasia zilizofuata kuuawa kwa mwanamuziki wa Kioromo Hachalu Hundessa.

Kufika na kutembelea

Uwanja wa ndege ulio karibu uko Dire Dawa, umbali wa kilomita 50 na kitu kwa barabara inayopanda mlima. Reli mpya ya umeme kati ya Addis Ababa na Djibouti, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2018, hupita Dire Dawa pia. Kwa barabara, safari kutoka Addis Ababa ni zaidi ya kilomita 500. Kwa kuwa hali ya usalama katika baadhi ya sehemu za Ethiopia hubadilika, ni vema kuuliza kabla ya kusafiri.

Ndani ya Jugol mtu hutembea kwa miguu, maana vichochoro vingi havipitishi gari. Mwongoza wageni mwenye kibali husaidia, hasa siku ya kwanza. Mavazi ya heshima yanatakiwa, na mtu asipigwe picha bila kuombwa. Baadhi ya familia hupokea wageni walale katika nyumba za Kiharari, na malipo yao husaidia kuzitunza. Jioni kuna baridi kiasi kwa sababu ya kimo, kwa hiyo anayekwenda kutazama fisi achukue sweta.